Siku ya Kwanza ya Juma

Msomaji, ukiulizwa siku ya kwanza ya juma ni ipi, utajibu nini? Swali hili laonekana jepesi, na huenda ukadhani kuwa hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kulijibu. Lakini uwatazame watu wa Nyanza ya Kusini, katika nchi ile ambayo tangu mwaka 2013 imegawanywa kuwa kaunti mbili za Homa Bay na Migori, nawe utaona kuwa majibu ni mengi na kila jibu lina haki yake. Mwislamu wa Kendu Bay aweza kukuambia kuwa siku ya kwanza ni Jumamosi, maana jina lenyewe lasema hivyo. Mwadventista wa Gendia, aliye jirani yake wa karibu, atasema la, Jumamosi ni siku ya saba, nayo ndiyo Sabato. Siku ya kwanza ni Jumapili. Mkatoliki wa Asumbi atakubali kuwa ya kwanza ni Jumapili, lakini yeye hupumzika siku hiyo hiyo ya kwanza. Mwalimu mkuu naye, akiandika ratiba ya masomo ubaoni, huanza na Jumatatu bila kumwuliza mtu.

Watu hawa wote hutumia kalenda moja, na wakiandikiana barua hawakosani kuhusu tarehe. Ugomvi wao si juu ya siku, bali ni juu ya mahali pa kuanzia kuhesabu. Na mahali pa kuanzia, msomaji, ni jambo lenye historia ndefu. Katika insha hii nataka tuitazame kalenda moja isiyotundikwa ukutani wala kugawiwa na maduka mwisho wa mwaka. Ni kalenda iliyomo ndani ya kompyuta, au tarakilishi kama wengine wapendavyo kuiita. Tutaona ilikotoka, imebeba historia ya nani, na kwa njia gani mwanafunzi aliyeko Homa Bay au Migori aweza kuipanga upya ili imhesabie siku kama watu wake wanavyozihesabu.

Tuanze na majina, kwa kuwa majina ni hati za kale ambazo kila mtu huzibeba mdomoni bila kujua. Katika Kiswahili siku tano zimehesabiwa wazi: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu, Jumanne ni nne, Jumatano ni tano. Mwanzo wa hesabu hii ni siku inayofuata Ijumaa, siku ya Waislamu kukusanyika msikitini. Ungetazamia basi kuwa siku ya sita ingeitwa kwa jina la sita. Lakini huikuti, wakuta Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu siku ya Jumapili. Kwa hiyo Mswahili ana siku mbili za tano zinazofuatana, moja kwa hesabu yake mwenyewe na moja kwa hesabu aliyoazima, naye hajapata kuona taabu yoyote kwa jambo hilo.

Majina ya Kijaluo yana habari nyingine. Jumatatu huitwa Wuok Tich, yaani kutoka kwenda kazini. Jumanne ni Tich Ariyo, kazi ya pili. Jumatano ni Tich Adek, kazi ya tatu. Alhamisi ni Tich Ang'wen, ya nne. Ijumaa ni Tich Abich, ya tano. Jumamosi ni Ngeso. Na Jumapili? Ni Jumapil, neno lililochukuliwa kutoka Kiswahili. Tazama sasa lililotokea: katika juma moja la Kijaluo namba mbili yapatikana mahali pawili, Jumapili kwa hesabu iliyotoka pwani na Jumanne kwa hesabu ya kazi. Mswahili ana tano mbili, Mjaluo ana mbili mbili. Sijui kichekesho cha hesabu kilicho kizuri kuliko hiki.

Mtu hawezi kuyasikia majina hayo ya Kijaluo asijiulize kazi hiyo ilikuwa ya nani. Kwa maoni yangu, majina haya yana harufu ya kazi ya kuajiriwa, iliyopimwa kwa siku. Neno la kale la wakati kando ya ziwa ni dwe, yaani mwezi ule wa mbinguni, na ndilo hilo hilo litumikalo kwa mwezi wa kalenda. Mkulima wa mtama na mvuvi hawakuhitaji kujua kama leo ni kazi ya tatu au ya nne. Walihitaji kujua mvua na mwezi. Lakini reli ilifika Kisumu mwaka 1901, kisha meli za ziwani zikawa na zamu zao za kutia nanga Kendu Bay na Homa Bay, na kodi ya nyumba ikawalazimu vijana kwenda kutafuta fedha mashambani kwa walowezi. Huko walikuta hesabu ya namna nyingine kabisa. Kibarua alipewa tikiti ya siku 30 za kazi, naye alitakiwa kuzikamilisha katika muda wa siku 42. Siku ambayo hakufanya kazi haikuandikwa. Mwezi wake haukuwa tena dwe wa mbinguni, ulikuwa alama 30 katika karatasi ya bwana wake.

Misheni nazo zilileta juma lao. Mwaka 1906 Waadventista wa Sabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen, mtu wa Kanada, pamoja na Peter Nyambo kutoka nchi ambayo leo yaitwa Malawi, waliweka kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Kijaluo, akaandika sarufi yake, na mtambo wa kupiga chapa ukaletwa Gendia. Wakatoliki nao wakajenga Asumbi. Hivyo, katika nchi ambayo mtu mwenye miguu mizuri aweza kuivuka kwa siku chache, siku tatu zilizofuatana zikawa takatifu: Ijumaa kwa hawa, Jumamosi kwa wale, Jumapili kwa wengine.

Usidhani kuwa haya ni mambo ya wazee tu. Wanafunzi Waadventista katika shule za Kenya waligongana mara nyingi na ratiba zilizoweka masomo au mitihani siku ya Jumamosi, na shauri hilo likafika mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba shule ziwape wanafunzi hao nafasi ya kuishika Sabato yao, ambayo huanza jua linapotua siku ya Ijumaa. Na hapo pana jambo ambalo Mswahili wa kale angelielewa upesi kuliko mwanasheria. Kwa desturi ya pwani, usiku hutangulia mchana wake. Ukisema usiku wa Ijumaa, wazee huelewa usiku ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kisanduku cha kalenda ya ukutani, chenye kuanza saa sita za usiku na kwisha saa sita za usiku, hakiwezi kuonyesha siku ya namna hiyo.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Mwaka 1969, katika maabara ya kampuni ya simu iliyoitwa Bell Labs, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, mafundi wawili, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walianza kutunga mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao baadaye uliitwa Unix. Kompyuta za siku zile hazikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza kwa kidole. Mtu aliandika amri, mstari mmoja wa maneno machache, na mashine ikajibu kwa maandishi. Njia hiyo, iitwayo mstari wa amri, haijafa. Hata leo imo katika kompyuta nyingi, nyuma ya picha zote zile nzuri, kama jiko lilivyo nyuma ya sebule. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix kilitolewa mwezi wa Novemba mwaka 1971, na ndani yake tayari palikuwa na programu ndogo iitwayo cal. Kazi yake ni moja tu: ukiandika cal, ukataja mwezi na mwaka, itakuchapia kalenda ya mwezi huo, mistari michache ya namba zilizopangwa safu saba.

Safu ya kwanza ni Jumapili. Hakuna aliyetunga sheria ya kuwalazimisha. Walioiandika walikuwa Wamarekani, na kalenda za Marekani huanza Jumapili. Mwandishi wa programu aliandika alichokiona ukutani kwake. Huo si ubaya, na mimi simlaumu. Ila ni vema ujue kwamba mashine haikuchagua, alichagua mtu.

Ukitaka kuona dhahiri jinsi historia ya watu fulani ilivyomo katika mashine, keti mbele ya kompyuta yenye programu hiyo, uandike cal 9 1752. Utakuta mwezi wa Septemba ulio kilema. Baada ya tarehe 2, siku ya Jumatano, yafuata tarehe 14, siku ya Alhamisi. Siku 11 hazipo! Mtu asiyejua hudhani kuwa mashine imeharibika. Haikuharibika. Kalenda ya kale ya Warumi, iliyotengenezwa kwa amri ya Julius Caesar, ilikuwa imeuzidisha mwaka kwa muda kidogo, nao muda huo ukazidi kukusanyika karne kwa karne. Mwaka 1582 Papa Gregorio wa 13 aliamuru kuwa baada ya tarehe 4 Oktoba ifuate tarehe 15. Nchi za Kikatoliki kama vile Hispania na Ureno zilitii mara moja. Uingereza, iliyokuwa imeachana na Papa, ilikaa miaka 170 kabla ya kukubali, na ilipokubali mwaka 1752, kosa lilikuwa limefika siku 11. Makoloni yake ya Amerika yalifuata. Kwa hiyo programu iliyoandikwa New Jersey ikaikumbuka sheria ya Bunge la London.

Je, watu wa Rusinga na Karungu walipoteza siku 11 mwaka ule? La hasha. Mwezi ulipanda juu ya ziwa, ukapungua, ukapotea, ukaandama tena, wala hapana usiku hata mmoja uliorukwa. Pengine utasema kuwa jambo hili halina madhara, maana ni nani atakayeuliza habari za mwaka 1752? Basi nikupe mfano wa karibu. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, miaka 11 baada ya nchi yao kuipokea kalenda mpya. Waliandika habari zao zote kwa kalenda hiyo. Ngome iliangukia mikononi mwa Waomani tarehe 13 Desemba 1698, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Ilikuwa siku gani ya juma? Mwanafunzi wa historia akiiuliza cal, ataoneshwa Jumanne, maana mashine inamhesabia kwa kalenda ya kale iliyokuwa bado ikitumika London. Kwa kalenda ya Wareno walioandika tarehe hiyo, ilikuwa Jumamosi. Mashine imejibu kwa usahihi swali la Mwingereza, ilhali aliyeuliza ni Mkenya, na habari ni za Mombasa. Baadhi ya cal za siku hizi hukubali kuambiwa mwaka wa mageuzi uwe mwingine, lakini ni lazima ujue kwanza kuwa pana kitu cha kuiambia.

Yawezekana basi kuipanga upya? Yawezekana, na hapo ndipo tunapofika kwenye ufundi. Mtu wa haraka atasema: programu hiyo ina vibadilisho vyake, iambie tu ianze Jumatatu. Ni kweli. Katika kompyuta nyingi zenye mfumo wa Linux, ukiandika cal -m, juma litaanza Jumatatu. Lakini chukua amri hiyo hiyo uende nayo kwenye kompyuta yenye mfumo wa FreeBSD, ambao nao ni wa ukoo wa Unix: huko herufi m ni ya kutaja mwezi unaoutaka, nayo amri yako itakosa maana. Tena, kati ya vibadilisho vinavyokubalika kote, hakuna kinachosema anza Jumamosi kama Waswahili.

Hali hii yafanana na gorogoro, kile kipimo cha mkebe kitumikacho sokoni kupimia mahindi na maharagwe. Wauzaji wote husema gorogoro moja, lakini mkebe wa huyu umebonyezwa kitako na wa yule haukubonyezwa. Anayetaka kufanya biashara Migori leo na Oyugis kesho hana budi kuwa na kipimo chake mwenyewe, kilichofanywa kwa vitu ambavyo havibadiliki.

Katika ukoo wa Unix kipo kitu cha namna hiyo. Programu inayopokea amri zako na kuzitekeleza huitwa sheli (wala usiichanganye na ile sheli ya barabarani inayouza petroli). Mwaka 1979 Unix ilitolewa pamoja na sheli iliyotungwa na Stephen Bourne, ambayo iliweza kusoma amri nyingi zilizoandikwa katika faili moja, zenye masharti na marudio ndani yake. Faili hiyo huitwa skripti. Kampuni mbalimbali zikachukua Unix, kila moja ikaongeza mapambo yake, hata skripti iliyoandikwa kwa mmoja ikawa haisomeki kwa mwingine. Ndipo wataalamu wakakaa pamoja, wakaandika mkataba wa yale ambayo kila mfumo lazima uyaelewe kwa namna moja. Mkataba huo huitwa POSIX. Sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1988, na ile ya sheli mwaka 1992. Anayeandika kwa kufuata mkataba huo peke yake anaandika skripti inayosafiri. Anajinyima vitu vingi vya kupendeza, ni kweli. Lakini fikiri juu ya kompyuta za shule zetu, ambazo aghalabu ni mitumba ya miaka na mifumo tofauti, zilizotolewa na wafadhili tofauti: huko skripti isiyosafiri ni kama ufunguo wa mlango mmoja.

Hebu tuandike basi kalenda yetu, bila kuitegemea cal hata kidogo. Kitu kimoja tu ndicho kigumu: kujua tarehe mosi ya mwezi ni siku gani. Mengine yote ni kupanga namba kwenye safu. Fumbo hilo lilifumbuliwa katika miaka ya 1880 na Christian Zeller, mchungaji wa Kijerumani aliyependa hesabu. Kanuni yake ni hii. Chukua tarehe. Uongeze mara kumi na tatu ya namba ya mwezi uliozidishwa mmoja, iliyogawanywa kwa tano, ukiacha masalio. Uongeze mwaka, na robo ya mwaka. Utoe sehemu ya mia ya mwaka, na uongeze sehemu yake ya mia nne. Jumla uigawe kwa saba, na masalio yatakuambia siku. Januari na Februari huhesabiwa kuwa miezi ya 13 na 14 ya mwaka uliotangulia, ili ile siku ya ziada ya mwaka mrefu iangukie mwishoni. Warumi wa kale nao walianza mwaka wao Machi, ndiyo maana Desemba maana yake ni mwezi wa kumi, ingawa sasa ni wa 12. Kijaluo hakina uongo huo: Desemba huitwa Dwe mar Apar gi Ariyo, mwezi wa kumi na mbili, basi.

Tujaribu kwa siku ambayo kila Mkenya aijua, tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru. Tarehe ni 12. Mwezi ni 12, ukizidishwa mmoja ni 13. Mara 13 ni 169. Ukigawa kwa tano ni 33. Mwaka ni 1963, robo yake ni 490, sehemu ya mia ni 19, sehemu ya mia nne ni 4. Jumlisha 12, 33, 1963, 490 na 4, kisha utoe 19: yapatikana 2483. Gawa kwa saba, yabaki 5.

Tano ni siku gani? Kwa kanuni ya Zeller, Jumapili ni moja, Jumatatu ni mbili, na kuendelea hadi Ijumaa, ambayo ni sita. Jumamosi, iliyo ya saba, hubakiza sifuri, maana saba kwa saba haina masalio. Tano basi ni Alhamisi, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini tazama vizuri zaidi. Alhamisi maana yake ni ya tano! Masalio ya Zeller ni hesabu ile ile ya Waarabu. Na ukiongeza moja juu ya masalio, Jumamosi huwa moja, Jumapili mbili, Jumatatu tatu, Jumanne nne, Jumatano tano: hesabu ya Waswahili. Mjerumani yule hakuwa na habari za Kiswahili, lakini kanuni yake yaanza pale pale tunapoanzia sisi.

Katika skripti, kanuni hiyo yote ni mstari mmoja, na kila alama iliyomo inakubaliwa na mkataba wa POSIX. Herufi m ni mwezi na y ni mwaka:

s=$(( (1 + 13*(m+1)/5 + y + y/4 - y/100 + y/400) % 7 ))

Sheli hufanya hesabu kwa namba kamili tu, huacha masalio kila igawanyapo, nayo hiyo ndiyo hasa tabia ambayo Zeller anaitaka. Baada ya hapo skripti huchapa majina ya siku, huacha nafasi tupu kwa kadiri ya masalio yaliyopatikana, kisha huandika namba moja baada ya nyingine, ikivunja mstari kila zinapotimia saba. Kwa Desemba 1963 itakupa hivi:

Ms Pl Tt Nn Tn Al Ij
    1  2  3  4  5  6
 7  8  9 10 11 12 13
14 15 16 17 18 19 20
21 22 23 24 25 26 27
28 29 30 31

Kwa kuchapa tumia amri ya printf, usitumie echo, kwa maana echo ni gorogoro iliyobonyezwa: sheli nyingine huvunja mstari pale usipotaka, na nyingine huchapa alama ulizokusudia zifiche. Tena jihadhari na sifuri ya mbele. Ukiandika mwezi wa Agosti kuwa 08, sheli yaweza kukataa kabisa kufanya hesabu, kwa sababu namba inayoanza na sifuri huisoma kwa hesabu ya nane, ambayo haina tarakimu ya nane wala ya tisa. Skripti itafanya kazi vema tangu Januari hadi Julai, mwenye kuiandika ajisifu, kisha Agosti imwaibishe. Andika 8.

Mwadventista wa Gendia naye asinung'unike kuwa tumemwekea Sabato mwanzoni mwa juma. Aongeze 6 juu ya masalio kabla ya kugawa kwa saba, na safu ya kwanza itakuwa Jumapili, Jumamosi ikikaa mwishoni mahali pake pa saba. Anayetaka Wuok Tich iwe ya kwanza aongeze 5, abadili na majina ya juu. Hapo Jumapil itakuwa ya mwisho, nayo ile mbili ya pwani itakaa mbali na mbili ya kazi. Skripti moja yaweza kupokea namba hiyo kutoka kwa mtumiaji, ikawahudumia wote watatu bila kubadilishwa hata herufi moja.

Bado yupo mtu mmoja ambaye hatujamhudumia, mvuvi wa omena. Huyu hajali sana kama leo ni kazi ya pili au ya tatu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, zamani za karabai na siku hizi nyingi za betri. Samaki hufuata mwanga, wakakusanyika chini yake. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, na taa haina tena la kuwavutia. Kwa hiyo kando ya ziwa, kutoka Mbita hadi Muhuru, kazi hufuata dwe, yule wa zamani. Kalenda ya New Jersey haina habari naye.

Twaweza kumrudisha kwa mstari mwingine wa hesabu. Tangu mwezi mmoja kuandama hadi mwingine ni siku 29.53 kwa wastani. Sheli haijui sehemu za namba, basi tuzidishe kila kitu mara mia, tutumie 2953. Mwezi uliandama tarehe 6 Januari 2000. Hesabu siku zilizopita tangu hapo, uzidishe kwa mia, ugawe kwa 2953, utazame masalio. Chukua tarehe 29 Januari 2025: zimepita siku 9155, mara mia ni 915500, ukigawa hupata miezi 310, na masalio ni 70, yaani chini ya siku moja. Siku hiyo kweli mwezi ulikuwa mchanga na usiku ulikuwa wa giza. Iambie skripti iweke nyota pembeni ya kila tarehe ambayo masalio yake ni chini ya 500 au zaidi ya 2450, hizo ndizo siku za kushusha taa majini. Masalio yakikaribia 1476 isiweke kitu, kwa kuwa usiku huo mwezi umetimia, na mitumbwi itakuwa imelala mchangani.